Utajiri, Kiu ya Kupanda na Ndoto ya Kimarekani Kwenye Riwaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila mahali The Great Gatsby, riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald, na wenzake wanaposomwa, iwe darasani, chuoni au kwenye vikundi vya wasomaji. Nimeyajibu kama mtu anayevipenda vitabu hivi na anayeona vinasomwa haraka mno. Gatsby amepata nafasi kubwa kwa sababu maswali mengi yanamhusu yeye. Majibu yanataja miisho ya hadithi, kwa hiyo asiyetaka kuambiwa mwisho aruke moja kwa moja hadi swali la mwisho.

"Ndoto ya Kimarekani" ni nini hasa?

Ni imani kwamba huko Marekani mtu hapimwi kwa ukoo wake bali kwa juhudi zake, na kwamba mtoto wa yeyote anaweza kufika popote. Imani yenyewe ni ya zamani, ila jina lake lilienea baada ya mwaka 1931, mwanahistoria James Truslow Adams alipolitumia katika kitabu chake The Epic of America. Wakati huo uchumi ulikuwa umeanguka, mabenki yanafungwa na watu wanapanga foleni kugawiwa mkate. Adams alisisitiza kwamba hakuwa anazungumzia magari na mishahara minono tu. Alikuwa na maana ya jamii ambamo kila mwanamume na kila mwanamke anaweza kukua hadi kimo chake chote bila kuzuiwa na tabaka alimozaliwa.

Siku hizi wengi wakilitaja jina hilo hubaki na magari na mishahara. Vitabu vinavyojadiliwa hapa vinahangaika na lile jambo la pili, la kuzuiwa. Na vingi viliandikwa kabla jina halijaenea: ndani ya The Great Gatsby, iliyotoka mwaka 1925, hulikuti.

Hadithi za "ukichapa kazi lazima utatoboa" zilianzia wapi?

Mzizi mmoja ni tawasifu ya Benjamin Franklin. Baba yake alikuwa mtengeneza mishumaa na sabuni mjini Boston. Franklin anajieleza alivyoingia Philadelphia mwaka 1723, kijana wa miaka 17, mchafu wa safari, mikate miwili kwapani na wa tatu akiutafuna njiani. Mbele kidogo anasimulia alivyojiwekea fadhila 13 na daftari la kutia alama kila alipoteleza. Vizazi vya Wamarekani vilikisoma kitabu hicho kama mwongozo wa maisha.

Mzizi wa pili ni Horatio Alger na riwaya yake ya vijana, Ragged Dick, ya mwaka 1868. Dick ni kijana wa kupiga viatu kiwi mitaani New York. Anajifunza kusoma na kuandika, anafungua akaunti ya akiba, anapanga chumba, anaacha kuchezea pesa. Jina la Alger limekuwa kama muhuri wa juhudi na malipo yake, lakini usome mwisho wa kitabu taratibu. Viatu alivyong'arisha sivyo vilivyompa Dick kazi nzuri. Yuko kwenye kivuko cha kwenda Brooklyn, mtoto mdogo anatumbukia majini, Dick anajitosa na kumwokoa, na baba wa mtoto, ambaye ni mfanyabiashara, anampa ukarani kwa dola 10 kwa wiki. Sisi husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na Alger angeafiki. Ila Dick aligaagaa upwani kurasa nyingi, na samaki akapewa na mtu aliyekwisha kuwa na jahazi. Juhudi ilimweka tayari. Aliyefungua mlango ni mwingine.

Hilo la nani anafungua mlango ndilo nitakalolirudia humu, kwa sababu naona ndilo swali la riwaya hizi zote.

The Great Gatsby inahusu nini, kwa kifupi?

Ni majira ya joto ya mwaka 1922. Nick Carraway, kijana kutoka Magharibi ya Kati ya Marekani, anahamia kitongoji cha West Egg, kwenye kisiwa cha Long Island, ili afanye kazi ya kuuza hatifungani mjini New York. Jirani yake ni Jay Gatsby, tajiri mwenye kasri na sherehe zisizokwisha. Ng'ambo ya ghuba, East Egg, anaishi Daisy, ndugu wa mbali wa Nick, pamoja na mumewe Tom Buchanan. Gatsby na Daisy walipendana mjini Louisville mwaka 1917, Gatsby akiwa ofisa wa jeshi asiye na kitu. Alipokwenda vitani, Daisy akaolewa na Tom. Kasri, magari, muziki wa kila wikiendi, vyote vimepatikana ili Daisy arudi. Harudi. Akiwa anaendesha gari la Gatsby anamgonga mwanamke na kumuua, Gatsby anakubali kubeba lawama, anapigwa risasi kwenye bwawa lake la kuogelea, na Tom na Daisy wanafunga mizigo na kuondoka.

Pesa za Gatsby zilitoka wapi?

Kwenye pombe ya magendo, na kwenye mambo mengine ambayo kitabu kinayaonyesha nusu nusu. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1933 katiba ya Marekani ilikataza kutengeneza na kuuza pombe. Kiu haikukatazika, na waliokuwa tayari kuvunja sheria wakaukata. Tom anagundua kwamba Gatsby na mshirika wake Meyer Wolfsheim walinunua maduka ya dawa na kuuza pombe kali juu ya kaunta. Wolfsheim ndiye, katika hadithi, aliyepanga matokeo ya fainali za besiboli za mwaka 1919, na kashfa ya fainali hizo ilitokea kweli. Baada ya Gatsby kufa, simu inapigwa kutoka Chicago: kijana wao mmoja amekamatwa akikabidhi hatifungani dirishani. Aliyepiga anadhani anaongea na Gatsby.

Wasomaji wengine huishia hapo na kusema ni mwizi, basi. Lakini angalia anaowakaribisha. Pombe wanaikunywa wote, wakiwamo wanaomsengenya bustanini kwake.

Kama ni tajiri, kwa nini East Egg hawamkubali?

Kwa sababu pesa yake ni changa. Tom hakuitafuta pesa yake, aliikuta. Siku moja kabla ya harusi alimpa Daisy mkufu wa lulu wa dola 350,000. Nick kwa mwezi analipa kodi ya nyumba dola 80. Mkufu ule ungemlipia kodi kwa zaidi ya miaka 360. Mtu wa namna hiyo haonyeshi mali, anakaa nayo tu. Gatsby anaionyesha kwa sababu anadhani kuonyesha ndiyo lugha yao.

Kuna ukurasa katika sura ya sita ambao hunichoma kuliko hata ule wa risasi. Tom na wenzake wawili, bwana mmoja aitwaye Sloane na mwanamke fulani, wanapita kwa Gatsby wakiwa juu ya farasi. Wanataka kinywaji. Gatsby anahangaika: kaeni, mtavuta sigara au biri, vinywaji vinakuja. Mwanamke, aliyekwisha kunywa bilauri mbili, anawaambia Gatsby na Nick waje kwake kula chakula cha jioni. Sloane anakereka waziwazi. Nick anaelewa papo hapo na anaomba radhi kwamba hawezi. Gatsby anakubali. Anasema hana farasi, jeshini alikuwa akipanda lakini hajawahi kununua, kwa hiyo atawafuata kwa gari, anaomba dakika moja tu. Anaingia ndani kuchukua koti. Huku nje Tom anashangaa: huyu kweli anakuja, haoni kwamba hatakiwi? Wanapanda farasi zao na kuondoka. Gatsby anatoka mlangoni, kofia na koti mkononi, wao wamekwisha potelea chini ya miti ya Agosti.

Hakuna aliyemtukana wala aliyemfungia mlango. Alialikwa, na mwaliko ulikuwa wa kukataliwa, na kila mtu pale alilijua hilo isipokuwa yeye. Gari lake la fahari linajulikana na kila mtu kuanzia Long Island hadi mjini, na siku hiyo kilichohitajika ni farasi, na kuzaliwa kwenye nyumba ambako mtoto hujua lini "karibu" maana yake ni "kwaheri". Somo hilo haliuzwi.

William Dean Howells aliligusa jambo hilo miaka 40 kabla, katika The Rise of Silas Lapham ya mwaka 1885. Lapham ametajirika kwa kuuza rangi, anaalikwa kula na familia ya kale ya Boston, na nusu ya mateso yake ya jioni ile ni kama avae glovu au asivae.

Kwa nini Daisy analia juu ya mashati?

Gatsby anamzungusha kwenye kasri lake, wanafika chumbani kwake, anafungua makabati na kuanza kurusha mashati mezani moja moja: ya kitani, ya hariri, ya flana laini, ya kila rangi. Anasema ana mtu Uingereza anayemnunulia na kumletea kila msimu. Rundo linapanda. Daisy anainamisha kichwa kwenye mashati na kulia, anasema hajawahi kuona mashati mazuri namna ile.

Walimu wengi wanafundisha kwamba Daisy ni mpenda vitu, na ndiyo maana analia. Mimi naona analia kwa kuelewa. Miaka mitano nyuma alisubiri kidogo, kisha akachoka, akachagua aliyekuwa karibu na mwenye uhakika. Sasa anaona kwamba aliyemwacha angeweza kumpa vyote, na muda umepita. Hawezi kuyasema hayo, maana Nick amesimama pale na mume yuko nyumbani, kwa hiyo anasema mashati. Baadaye Gatsby mwenyewe anasema sauti ya Daisy imejaa pesa, na Nick anakiri kwamba ndicho alichokuwa akikisikia siku zote bila kukipatia jina. Gatsby hakuwa mjinga. Alijua anachokipenda kimefungamana na nini.

Ile ratiba ya utotoni ina maana gani?

Jina lake la kuzaliwa ni James Gatz, mtoto wa wakulima wa North Dakota. Baba yake, Mzee Henry Gatz, anafika kwenye mazishi na kitabu cha hadithi za kaubói ambacho mwanawe alikisoma utotoni. Kwenye ukurasa wa mwisho pameandikwa ratiba, tarehe 12 Septemba 1906: kuamka saa 12 asubuhi, mazoezi ya viungo, kusoma mambo ya umeme, kazi, besiboli, kujifunza kuzungumza kwa ufasaha na kusimama kwa heshima, na usiku kusoma kuhusu uvumbuzi unaohitajika. Chini yake ni maazimio: kuacha sigara, kuoga siku moja ikipita, kusoma kitabu kimoja chenye faida kila wiki, kuwatendea wazazi vizuri zaidi. Na akiba: aliandika dola 5 kwa wiki, akakata, akaandika 3.

Huyo ni Franklin mtupu, ameandikwa upya na mtoto wa shamba. Ile 5 iliyokatwa ndiyo inayonionyesha mtoto halisi, aliyekaa akapiga hesabu akaona haiwezekani. Alifanya yote aliyoambiwa yafanywe. Mzee Gatz anamwonyesha Nick kwa fahari, anasoma kila mstari kwa sauti, na anaamini mwanawe alifika.

Myrtle na George Wilson wana nafasi gani?

Ndio wanaolipa. Wanaishi kwenye bonde la majivu kati ya West Egg na jiji, Wilson akiwa na gereji isiyo na wateja. Myrtle, mkewe, anadhani Tom ndiye njia yake ya kutokea. Tom anamvunja pua kwa kutaja jina la Daisy. Anakufa chini ya gari, na Wilson anamuua Gatsby kisha anajiua. Hesabu waliokufa kitabuni: mtoto wa shamba, mke wa fundi, fundi. East Egg hakuna msiba.

Watu weusi wako wapi kwenye ndoto hii?

Ndani ya Gatsby wako pembeni, lakini usipite haraka. Katika sura ya kwanza Tom, mezani, anahubiri kwamba watu weupe watamezwa na mataifa mengine wasipoangalia, na anataja kitabu alichokisoma. Kitabu chenyewe ni cha kubuni, ila fikra hizo zilikuwa zimejaa nchini. Mwaka 1924, mwaka mmoja kabla riwaya haijatoka, Marekani ilipitisha sheria iliyobana wahamiaji kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya na kuwafungia mlango karibu wote wa Asia. Ndoto ilikuwa na walinzi getini.

Kisha kuna daraja la Queensboro. Nick na Gatsby wanavuka kwenda mjini, na gari la fahari linawapita: dereva ni mweupe, na nyuma wamekaa watu weusi watatu waliovaa kwa mtindo wa kisasa, wanawatazama wakina Nick kwa kujiamini. Nick anacheka kwa sauti. Anajiambia kwamba ukishavuka daraja hili lolote linaweza kutokea, hata Gatsby anaweza kutokea. Fitzgerald alimwona Tom vizuri sana, na amemchora kama mpumbavu mwenye nguvu. Kicheko cha Nick amekiacha kipite bila kukikemea, na msomaji wa Kiafrika ana haki ya kusimama hapo na kuuliza: kilichochekesha ni nini? Watu watatu wamefanya alichokifanya Gatsby. Wamepanda gari.

Kwa jibu lenye uzito, soma tamthilia ya Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, ya mwaka 1959, ya kwanza ya mwanamke mweusi kuonyeshwa Broadway, kwenye kumbi kuu za maigizo za New York. Hapa Walter Lee Younger ndiye dereva, anamwendesha tajiri mweupe mjini Chicago, na familia nzima imebanana kwenye nyumba ya kupanga yenye choo cha kushirikiana. Baba amekufa, bima imelipa dola 10,000. Mama anatanguliza 3,500 kununua nyumba kwenye mtaa wa weupe. Zilizobaki 6,500 anamkabidhi Walter, sehemu yake ikiwa ya ada ya dada yake anayetaka kuwa daktari. Walter anampa zote rafiki wa kufungua naye duka la pombe, rafiki anatoweka nazo. Halafu anakuja mwakilishi wa mtaa ule mpya, mpole, mwenye mkoba, na ombi: tutawalipa ili msihamie.

Uweke mkono wa yule bwana mpole karibu na farasi wa Sloane uone tofauti. Gatsby alikataliwa kimyakimya, Wayounger wanakataliwa kwa mkataba. Na hawauzi. Wanahama. Hansberry hakuyatunga hewani: baba yake alinunua nyumba kwenye mtaa wa weupe Chicago, na kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1940.

Na wanawake? Ndoto yao ilikuwa kuolewa tu?

Mara nyingi ndiyo njia pekee iliyoachwa wazi, na waandishi wazuri walijua ni mtego. Lily Bart, katika The House of Mirth ya Edith Wharton (1905), amelelewa awe pambo la nyumba ya tajiri. Ana miaka 29, hana mali, na kila akikaribia kuolewa na pesa moyo unamkatalia. Anampa mume wa rafiki yake pesa amwekezee, kisha anagundua kwamba "faida" aliyokuwa akiletewa ilitoka mfukoni mwa bwana huyo, dola 9,000, na bwana anataka malipo ya namna nyingine. Shangazi anakufa na kumwachia 10,000 tu. Usiku wake wa mwisho Lily anaandika hundi ya kulipa deni lote. Kati ya ninavyoviheshimu vitabuni humu, hundi hiyo iko juu kabisa.

Carrie Meeber wa Theodore Dreiser, katika Sister Carrie ya mwaka 1900, anapanda treni kwenda Chicago mwaka 1889 akiwa na miaka 18 na dola 4 mkononi. Kazi ya kiwanda cha viatu inamlipa dola 4 na nusu kwa wiki. Nyumba ya dada yake inachukua 4. Dreiser hahitaji hotuba baada ya hapo. Anatueleza tu kwa nini Carrie alikubali koti kutoka kwa mwanamume aliyekutana naye kwenye treni. Kilichowaudhi watu wa wakati ule ni kwamba mwandishi hakumwadhibu: Carrie anakuwa nyota wa jukwaani, na anayezama ni Hurstwood, mwanamume wake wa pili, anayeishia kufungulia gesi kwenye chumba cha bei ya senti 15.

Ni kweli An American Tragedy inatokana na kesi ya mauaji?

Ndiyo. Dreiser aliichapisha mwaka 1925, mwaka uleule wa Gatsby. Kesi ni ya Chester Gillette, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha ami yake na kuhukumiwa kwa kumuua Grace Brown, mpenzi wake mjamzito, kwenye ziwa la Big Moose, jimbo la New York, Julai 1906. Alikufa kwenye kiti cha umeme mwaka 1908. Ni kitabu kirefu na kizito, lakini ukurasa wa mashua haukuachii.

Kwa nini Death of a Salesman hutajwa pamoja na riwaya?

Ni tamthilia, ya Arthur Miller, ilionyeshwa mara ya kwanza Februari 1949, na kwa ndoto hii haina mpinzani. Willy Loman, mwenye miaka 63, amezunguka miji akiuza bidhaa za kampuni maisha yake yote, akiamini kwamba mtu anayependwa na watu hatakwama. Anaomba apewe kazi ya mezani. Bosi, aliyemjua tangu akiwa mtoto mchanga, anamfukuza huku akijionyesha mashine yake mpya ya kurekodi sauti. Willy anajiua ili familia ipate bima ya dola 20,000. Mbele ya kaburi mkewe anasema leo amemaliza kulipa deni la nyumba.

Sisi tuna sababu ya ziada ya kumtazama kaka yake, Ben. Anamtokea Willy mawazoni akijisifu kwamba aliingia msituni akiwa na miaka 17, akatoka akiwa na 21, na alikuwa tajiri. Msitu huo ni Afrika, na utajiri ni almasi. Katika tamthilia nzima Afrika hiyo haina mtu hata mmoja. Miller alikuwa anachora kichwa cha Willy, na kichwani mwa Willy bara zima ni shimo ambalo mjanja huingia maskini na kutoka ameukata. Waliochimba hawaulizwi.

Je, vitabu hivi vinasema pesa ni mbaya na tamaa ni mbaya?

Hili ndilo jibu linaloandikwa kwenye mitihani mwaka hadi mwaka, na nalipinga kwa nguvu zote. "Gatsby anatufundisha tusiwe na tamaa." Hapana. Nick, ambaye hakubaliani na karibu kila anachokiwakilisha Gatsby, anamwambia siku ya mwisho kwamba ana thamani kuliko lile kundi zima. Anachokipenda kwake ni ule uwezo wa kutumaini, uleule wa mtoto aliyeandika ratiba.

Tazama wanaobaki wamesimama. Miezi baada ya mazishi Nick anakutana na Tom barabarani, Fifth Avenue. Tom haoni kosa lake. Wanapeana mikono, kisha Tom anaingia duka la vito, kununua mkufu wa lulu, au labda vifungo vya mikono ya shati tu. Kwenye mazishi ya Gatsby walikuwapo Nick, baba, mchungaji, watumishi wachache, mleta barua, na mgeni mmoja tu wa zile sherehe. Mwingine alipiga simu kuulizia raba zake za tenisi.

Ukisoma hivyo, lawama haimwangukii aliyetaka kupanda. Inawaangukia waliokaa juu ambao wanaweza kuvunja vitu na watu kisha wakarudi kwenye pesa zao, na wengine wakasafisha. George na Lennie katika Of Mice and Men ya John Steinbeck (1937) wanataka kashamba ka dola 600 na sungura. Familia ya Joad katika The Grapes of Wrath (1939) inataka kazi ya kuchuma matunda waliyoahidiwa kwenye kikaratasi. Jurgis, mhamiaji wa Lithuania katika The Jungle ya Upton Sinclair (1906), kila shida ikija anasema atafanya kazi kwa bidii zaidi, hadi machinjio ya Chicago yanammaliza. Nani atawaambia hawa wapunguze tamaa?

Fitzgerald mwenyewe alikuwa tajiri?

Alipata pesa nyingi na hazikukaa. Alizaliwa mwaka 1896 mjini St. Paul, Minnesota, akasoma Princeton bila kumaliza, akiwa miongoni mwa vijana waliomzidi mali. Kwenye daftari lake aliandika sentensi aliyoisikia: vijana maskini wasifikirie kuoa wasichana matajiri. Zelda Sayre alivunja uchumba naye kwa sababu hakuwa na kipato, akamrudia riwaya ya kwanza ilipokubaliwa. Walioana Aprili 1920, siku chache baada ya kitabu kutoka. Waliishi Great Neck, Long Island, na Gatsby sehemu kubwa iliandikwa Ufaransa mwaka 1924. Haikuuzwa alivyotarajia. Alipofariki Hollywood mwaka 1940, akiwa na miaka 44, nakala za toleo la pili zilikuwa bado ghalani. Wakati wa Vita ya Pili nakala zaidi ya laki moja ziligawiwa bure kwa wanajeshi, na kutoka hapo kitabu kikafufuka.

Kuna riwaya ya Kiswahili ya kuisoma sambamba?

Chukua Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1975. Tumaini anaponda mali, baadaye anageuka mkulima mkubwa, na anagongana na siasa ya Ujamaa. Si nakala ya Gatsby wala haihitaji kuwa. Inauliza upande wa pili: nchi ikiamua kwamba mtu mmoja asipande peke yake, yule aliyekwisha panda anafanywa nini?

Nianze na kipi, na nitavipataje?

Anza na Of Mice and Men kama Kiingereza kinakusumbua. Sentensi ni fupi na kurasa ni chache. Kisha The Great Gatsby, sura tisa, isome mara mbili, ya pili ukimfuata Nick badala ya Gatsby, maana yeye ndiye anayechagua tuone nini. Haki miliki yake nchini Marekani iliisha tarehe 1 Januari 2021, kwa hiyo inapatikana bure kwenye maktaba za mtandaoni za vitabu vya zamani, sawa na vya Alger, Howells, Wharton, Sinclair na Dreiser vilivyotajwa hapa. Tamthilia mbili, ya Miller na ya Hansberry, zisomeni kwa sauti mkiwa kikundi, mgawane wahusika. Ya Hansberry hasa: yule bwana mwenye mkoba apewe msomaji mwenye sauti ya upole kuliko wote.